Chuma Kilipokuwa Mali

Ndugu msomaji, barua iliyonipa kazi juma hili imetoka Kasanda, kule nyanda za juu za Kigoma, sehemu ambayo kwa miaka mingi tuliihesabu ndani ya Wilaya ya Kibondo kabla Wilaya ya Kakonko haijaundwa. Aliyeiandika ni kijana ambaye babu yake alikuwa mfua chuma. Anasema mdogo wake amerudi kutoka shuleni na habari kwamba chuma, jina lake na kitu chenyewe, tuliletewa na Waarabu, kama tulivyoletewa dhahabu na fedha. Kijana anauliza mambo mawili. Neno chuma maana yake nini hasa? Na kama chuma kilikuja kwa jahazi, babu yake kule mlimani alijifunza kwa nani?

Swali la namna hii wengine hulicheka. Watasema neno ni neno tu, chuma ni chuma, tuzungumze bei ya unga. Lakini mtoto anayekua akiamini kwamba kila kilicho nyumbani kwao kililetwa na mgeni, huyo atakapokuwa mkubwa atakaa barazani kumngoja mgeni mwingine. Ndiyo maana nimeona tulijibu swali hili kwa kirefu, na shahidi wetu mkubwa atakuwa neno lenyewe. Neno ni shahidi mzuri. Halina chama, halina mshahara, na halikumbuki nani alitaka liseme nini.

Kwanza tumpe mwalimu haki yake, kwa maana hakukosea kila kitu. Majina mengi ya metali katika Kiswahili yalikuja na biashara ya baharini. Dhahabu ni Kiarabu. Fedha ni Kiarabu. Risasi, kwa maana ya ile metali nzito ya kijivu, ni Kiarabu. Zebaki nayo vivyo hivyo, na shaba wataalamu huihesabu kundi hilo hilo. Hata neno la jumla tunalolitumia, madini, ni la Kiarabu, na huko kwao maana yake ya asili ni machimbo, mahali panapochimbwa. Wataalamu wetu walipotaka neno la darasani la kutenganisha vitu kama chuma na shaba na madini mengine yasiyofuliwa, walichukua “metali” kutoka Kiingereza, nacho kililipata kutoka Kigiriki kwa njia ya Kilatini. Cha ajabu ni kwamba Wagiriki wa kale nao waliposema “metallon” walimaanisha machimbo. Waarabu na Wagiriki, kila mmoja kwa wakati wake, walitazama shimo, wakakipa kilichotoka humo jina la shimo.

Sasa tuliweke neno chuma kwenye mizani hiyo hiyo.

Tunasema chuma kimoja, vyuma viwili, kama tusemavyo chakula na vyakula, chombo na vyombo. Ile “ch” ya mwanzo si sehemu ya mzizi. Ni kiambishi “ki” kilichokutana na irabu. Ukikivua, unabaki na “-uma”. Hapa msomaji makini atanikatiza: mbona tunasema pia kitabu na vitabu, na kitabu ni Kiarabu tupu? Ni kweli. Kiswahili kina ukarimu wa kumvisha mgeni kanzu ya mwenyeji, na kiambishi peke yake hakitoshi kushinda kesi. Inabidi tuondoke pwani tukawaulize ndugu.

Tuanze huko huko Kasanda. Waha na Warundi husikilizana bila mkalimani, na wakimbizi wa Burundi walipomiminika Kibondo na Kasulu mwaka 1993 jambo hilo lilionekana wazi. Kwao kitu hiki ni “ichuma”, wingi “ivyuma”, ingawa Warundi huandika kwa “c” peke yake. Ukivuka hadi Rwanda utasikia “icyuma” na “ibyuma”, na Mnyarwanda hulitumia neno hilo hata kwa kisu. Ukifika Buganda ni “ekyuma” na “ebyuma”. Tazama vizuri: kila lugha imelitamka neno hili kwa kanuni zake, kama ndugu waliozaliwa nyumba moja wakalelewa vijiji tofauti.

Sasa linganisha na dhahabu. Mnyarwanda husema “zahabu”, Mrundi “inzahabu”, Mganda “zaabu”. Hapo huhitaji shahada kugundua kilichotokea. Neno lilipanda bara pamoja na misafara ya wafanyabiashara, likafika limechoka safari, kila mmoja akalitamka alivyoweza. Fedha nayo ikapanda ikawa “ifeza” na “ffeeza”. Lakini chuma hakikupanda na msafara wowote. Kilikuwako huko juu tangu hapo.

Tukienda kusini habari inanoga zaidi. Malawi, katika Kichewa, kuna neno “chuma”. Lakini Mchewa akikwambia fulani ana chuma kingi, usitafute mabati wala nondo nyumbani kwake. Amekwambia kwamba fulani ni tajiri. Chuma kwa Mchewa ni mali, ni utajiri, na kile tunachokiita chuma sisi, yeye hukiita “chitsulo”. Wabemba wa Zambia nao husema “ifyuma” wakimaanisha mali. Waluvale, walio magharibi zaidi kuelekea Angola, husema “chuma” wakimaanisha kitu, kitu chochote kile.

Wataalamu wa lugha za Kibantu wameikusanya mizizi ya namna hii tangu zamani. Mjerumani Carl Meinhof alichapisha kazi yake ya sauti za Kibantu mwaka 1899, na Mwingereza Malcolm Guthrie wa Chuo Kikuu cha London akatoa mabuku manne kati ya mwaka 1967 na 1971. Mwaka 1977 Pierre de Maret na mwenzake Nsuka wakachapisha uchunguzi uliohusu hasa maneno ya uhunzi. Kazi yao ni kama ya mtu anayetazama nyuso za wajukuu akachora uso wa babu asiyepata kumwona. Kwa mzizi wetu huu picha inayojitokeza ina maana kadhaa zilizofungamana: kitu, ushanga, mali, chuma.

Ukiziweka pamoja maana hizo, unapata wazo moja: kitu chenye thamani. Wasemaji wa mwanzo wa lugha za Kibantu, wakati wanaanza kutawanyika kutoka magharibi, walitumia zana za mawe. Chuma walikipata baadaye, njiani. Sasa mtu akikutana na kitu kipya asichokuwa na jina lake hufanya nini? Huchukua neno la zamani akakivisha. Katika nchi zetu hizi za Maziwa Makuu na pwani, kile kitu kipya cheusi kilichokata, kilicholima, kilichooa na kilichopigana kilivishwa jina la mali yenyewe. Waarabu na Wagiriki walitazama shimo. Wazee wetu walitazama thamani.

Kabla sijaendelea, nizuie kosa moja ambalo najua litanifuata kwa barua. Tunalo pia neno kuchuma: kuchuma machungwa, kuchuma mali, na lile jina la mtaani linalowatisha wenye maduka, “chuma ulete”, dawa inayodaiwa kuvuta fedha kutoka droo ya muuzaji. Wengi huona utajiri upo hapo pia na kusema ni neno lile lile. Silo. Katika kitenzi “ch” haibanduki: anachuma, tulichuma, watachuma. Katika jina hubanduka na kuwa vyuma. Ni watu wawili wenye sura moja waliokutana sokoni, nasaba zao mbalimbali.

Je, ni kweli chuma kilikuwa mali huko Buha? Turudi mlimani. Kabla ya ukoloni nchi ya Waha iligawanyika katika falme ndogo ndogo, kila moja na Mwami wake. Heru ilikuwa upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, na Buyungu upande wa Kakonko. Katika nchi hizo na kwa majirani zao, jembe la chuma halikuwa la kulimia tu. Lilikuwa sehemu ya mahari. Lilikuwa fidia. Lilibadilishwa kwa mbuzi, kwa nafaka na kwa chumvi ya Uvinza, ile iliyowavuta watu kutoka nchi nyingi kuchemsha maji ya chemchemi zake. Jembe jipya, ambalo Warundi huliita “isuka”, liliweza kukaa kama akiba darini likingoja kijana wa nyumba hiyo aote ndevu. Hiyo ndiyo benki.

Na mfua chuma alikuwa mtu wa heshima na wa kuogopwa kidogo. Kirundi humwita “umucuzi”, anayefua. Msikilizaji wa Dar es Salaam akilisikia neno hilo asitazame sahani kutafuta mchuzi, wala asidhani ni mchuuzi wa Kariakoo.

Biashara hiyo haikuwa ndogo. Mashariki ya Buha, huko Geita na Biharamulo, Warongo walisifika kwa kuyeyusha chuma, na majembe ya nchi hizi yalifika mbali. Makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 yalitaja majembe 150,000 yaliyopita soko la Tabora kwa mwaka. Wakati huo reli haijafika Tabora. Yalibebwa kwa kichwa na bega.

Kaskazini, Karagwe, mambo yalikuwa makubwa zaidi. Speke alipofika huko mwaka 1861 alimkuta mfalme Rumanyika, na wageni waliofuata walieleza hazina ya ufalme huo: mikuki ya chuma iliyofuliwa kwa ustadi, nyundo na fuawe za kifalme, na ng'ombe waliotengenezwa kwa chuma. Ng'ombe wa chuma, ndugu msomaji! Katika nchi ambayo ng'ombe ndiye mali, mhunzi alifua mali kwa kutumia mali. Rwanda nako, wanaakiolojia walipolichimbua kaburi la mfalme Cyirima Rujugira, walikuta ameegemezwa kichwa juu ya vyuma vya kufulia. Mfalme hakulazwa juu ya dhahabu.

Sasa tumjibu mwalimu kuhusu jahazi. Ni kweli kwamba kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kinasema bandari ya Rhapta, mahali fulani kwenye pwani yetu, ililetewa mikuki, shoka na majambia kutoka Arabuni. Basi vyuma vya kigeni vilikuja. Lakini kuletewa bidhaa si kuletewa ufundi. Leo tunaletewa mchele wa Thailand, na hakuna asemaye Wasukuma walifundishwa kulima mpunga na meli hiyo.

Karne kumi na moja baadaye anasimama shahidi wa Kiarabu mwenyewe. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154 kwa mfalme Roger wa Sicily, aliandika kwamba watu wa Malindi wana machimbo ya chuma na kwamba chuma ndicho kinachowapa faida kubwa kuliko vyote. Akasema chuma cha Sofala kilinunuliwa na kupelekwa India, kikafuliwa huko panga bora. Al-Idrisi hakufika pwani yetu. Aliandika aliyoyakusanya kwa wasafiri. Lakini angalia walichomwambia wasafiri hao: jahazi lilikuja kununua chuma.

Na bara ushahidi uko chini ya miguu. Kiswahili kina jina la zamani, lisilo na adabu sana, la masazo yanayobaki baada ya kuyeyusha: mavi ya chuma. Niliwahi kulisoma hewani, simu zikalia. Lakini mavi hayo ndiyo hati zetu za kumbukumbu. Katika Buhaya, huko Katuruka na Kemondo, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya tanuru za watu walioyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Burundi na Rwanda nako zimepatikana tanuru za enzi hizo za mbali.

Mwaka 1976 Schmidt akafanya jambo la busara. Badala ya kukisia, aliwauliza wazee wa Kihaya waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani. Walikuwa hawajayeyusha kwa miongo kadhaa, kwa kuwa majembe ya dukani yaliwaua kazi. Wakajenga tanuru, shimo wakalifinyanga kwa udongo wa kichuguu, wakaunguza majani ya kinamasi ndani yake, wakapanga mirija ya udongo na mivukuto pande zote. Majaribio ya mwanzo hayakwenda vizuri, mikono ilikuwa imesahau. Mwishowe wakatoa bonge la chuma chenye sifa za chuma cha pua. Matokeo hayo Schmidt na mwenzake Donald Avery waliyachapisha mwaka 1978 katika jarida la Science la Marekani. Kuna hoja ndani ya kazi hiyo, kama ile ya jinsi hewa ilivyopashwa moto kabla ya kuingia tanuruni, ambazo wataalamu wamezibishania tangu hapo. Na kama ufundi huu ulizaliwa Afrika au ulipokelewa kutoka kaskazini, huo nao ni mjadala mrefu ambao neno peke yake haliwezi kuumaliza. Lakini kwamba ufundi ulikuwa bara karne nyingi kabla ya misafara ya Waarabu, hilo halina mjadala.

Basi kijana wa Kasanda ajue hivi: babu yake alijifunza kwa baba yake, naye kwa wake, na mlolongo huo ni mrefu kuliko historia ya mji wowote wa pwani uliosimama leo.

Huo mlolongo ulikatwaje? Haukukatwa kwa amri moja. Wakoloni walileta utawala, kodi na maduka. Kodi hatimaye ilitaka sarafu, si jembe. Duka lilileta jembe la Ulaya lililokuwa rahisi. Wazee watakumbuka lile la Chillington lenye alama ya mamba, lililotoka Wolverhampton, Uingereza. Mhunzi wetu aliona hakuna haja ya kukata miti, kuchoma makaa na kukesha tanuruni, ilhali vyuma chakavu vilianza kuzagaa. Akaacha kuyeyusha, akabaki kufua. Springi ya lori ikawa panga, kipande cha reli kikawa fuawe. Kizazi kimoja tu kilitosha. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo alimwona babu anafua chuma cha Mzungu, akaamini chuma ni cha Mzungu.

Na maneno ya mali nayo yakafuata njia hiyo. Hebu hesabu. Mali yenyewe ni Kiarabu. Utajiri, hazina na rasilimali, vilevile. Fedha tumekwisha kuisema. Pesa imetoka India. Shilingi ni ya Mwingereza, na benki ni yake. Neno letu la kale la utajiri lilibaki limejificha ndani ya kitu ambacho sasa tunakinunua kwa kilo.

Lakini neno halifi kirahisi. Mwaka 2016 na 2017, hali ya fedha ilipobana, mitaa ya Dar es Salaam ilizua msemo: “vyuma vimekaza”. Kila mtu alielewa. Hakuna aliyeuliza ni vyuma vipi. Vijana waliousema hawakuwa na habari za Guthrie wala za Wachewa, na sidai kwamba damu ya kale iliwanong'oneza, kwa kuwa walikuwa wakifikiria nati na bolti. Hata hivyo sikuweza kujizuia kutabasamu nilipousikia. Chuma na mali walikuwa wamekutana tena, kwenye daladala.

Jambo lenyewe la leo si la kutabasamu. Katika miji yetu vijana wanazunguka na mikokoteni wakikusanya vyuma chakavu, na wengine wamefikia kung'oa mifuniko ya mitaro na alama za barabarani ili wavipeleke kwenye mizani. Wakati huo huo huko Liganga, wilayani Ludewa, kuna mlima wa mawe ya chuma. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ili kuuchimba, pamoja na makaa ya mawe ya Mchuchuma jirani yake. Miaka zaidi ya kumi ikapita bila tanuru kuwaka. Sitaki kurahisisha mambo. Kiwanda cha chuma si mivukuto ya ngozi ya mbuzi, kinahitaji mtaji, umeme na reli. Lakini tukikaa mezani na wageni kujadili mlima ule, kuna tofauti kati ya mtu anayedhani anafundishwa chuma kwa mara ya kwanza na mtu anayejua kwamba watu wake waliuza chuma India zama za al-Idrisi. Wa kwanza husaini. Wa pili husoma kwanza.

Ombi langu kwa walimu wa Kibondo, Kasulu na Kakonko ni dogo. Siku ya somo la historia watoeni watoto nje, waulizeni nani ana babu au jirani aliyewahi kufua chuma, mkamsikilize kabla hajaondoka na elimu yake. Ulizeni majina ya nyundo, ya mivukuto, ya makaa na ya masazo, kwa lugha ya hapo nyumbani, na kila jina mliandike daftarini. Watoto wataona wenyewe ni mangapi yamefanana na ya Kirundi na ya Kihaya, na ni mangapi yalikuja na jahazi. Hesabu ya mwisho waachieni wao waifanye.

Hadi juma lijalo, nawatakia kazi njema.